Kwa kinga kutoka Kasese hadi Bwera, tulipokwenda kumuona Koko

Magoti yetu bado yanauma kidogo, na sababu ya magoti hayo ndiyo habari yetu ya mwezi huu.

Familia yetu ni kama nyingi za hapa Rwamwanja, ilikatika vipande viwili. Tulipokimbia upande wa Beni mwaka 2021, Koko wetu alikataa kutoka. Alisema atatufuata. Hakutufuata. Mtoto wa dada yetu akazaliwa hapa kambini, akatambaa, akatembea, akaanza kusema, na Koko akawa anamjua kwa sauti ya simu tu. Kila akisikia mtoto analia kwenye simu anauliza, "Huyu anafanana na nani?" Na sisi kila mmoja anajibu lake.

Sasa mwezi wa pili Koko akatuma habari kwamba ataleta maharagwe na ndizi kwa soko ya Mpondwe, siku ya Ijumaa. Wale wanaotoka kule wanajua, soko ile ni kubwa Jumanne na Ijumaa, na watu wa Kasindi huvuka kwa maelfu kuuza na kununua, halafu jioni wanarudi kwao. Tukaketi usiku ule, watu wazima wanne, tukakata shauri. Tutakwenda kumuona. Tena (hili hatukumwambia) tutamuomba arudi nasi, asivuke tena ule mto.

Kwa nini kwa kinga? Kwanza makuta. Kutoka Kamwenge hadi Fort Portal, kutoka Fort Portal hadi Kasese, kutoka Kasese hadi Bwera, kila mahali unabadilisha taksi na kila mahali unalipa upya. Watu wanne, kwenda na kurudi, tungeuza mbuzi. Pili, kinga inabeba mzigo bila kuuliza nauli ya mzigo. Tukapatana hivi: wote tupande taksi hadi Kasese, kinga tatu zifungwe juu, pale dada yetu na mtoto waendelee kwa taksi hadi Bwera, sisi wengine watatu tupige pedali.

Tuseme kidogo juu ya neno hili, maana watoto wetu wanasoma shule za Uganda na wanachanganya. Sisi wa Kivu tunasema kinga. Wenzetu wa Tanzania na Kenya wanasema baiskeli. Kisangani, ile ya kubeba watu inaitwa toleka, ni Kilingala, maana yake twende. Na boda boda, ambayo leo ni pikipiki, zamani ilikuwa kinga tu. Jina lilianzia Busia kwenye mpaka wa Uganda na Kenya, vijana walipokuwa wanabeba watu kutoka boda moja hadi boda nyingine. Kwa hiyo vijana wanaodharau kinga wajue kwamba ndiyo baba yake pikipiki.

Kinga moja ilikuwa ya kwetu, mbili za kuazima. Tulifanya kazi siku mbili kuzitengeneza. Tulikaza spoki, tulipaka cheni mafuta, tulibadilisha raba za breki za nyuma. Raba hizo tulizinunua kwa muuzaji mmoja ambaye hatumtaji, akaapa kwamba ni nzuri. Mtasikia baadaye. Tulibeba pampu, gundi, vipande vya mpira wa ndani wa zamani kwa kuziba matobo, na spana mbili. Na kwenye karia ya kinga ile yenye nguvu zaidi tulifunga mto. Ni sponji tuliyoishona ndani ya kitenge cha zamani, tukaifunga kwa mipira mara nne. Mto ule ulikuwa wa Koko. Yeye hawezi kukaa juu ya chuma na mifupa ile yake.

Basi, Jumatano alfajiri tulikuwa Kasese mjini, baada ya kulala kwa ndugu wa kanisa la jirani yetu. Kasese ni mji wa joto. Umekaa chini kabisa kwenye tambarare, na mgongoni mwake mlima Rwenzori umesimama kama ukuta. Reli ilifika hapo mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, ule mgodi ulio juu kwenye bonde la mto Nyamwamba. Mgodi ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, na treni nayo haiji tena. Vyuma vya reli bado unaviona mahali mahali, majani yameota katikati, mbuzi wanakula.

Kabla jua halijachoma, mawingu yalifunguka kidogo, tukaona nyeupe juu kabisa. Ilikaa dakika chache ikafunikwa. Wakonzo, ambao ni ndugu zetu sisi Wanande, huiita theluji nzururu, na ndiyo maana ya Rwenzururu, mahali pa theluji. Wazee wao walisema Kitasamba anakaa kule. Kilele kikubwa kinaitwa Margherita, meta 5,109, na mtu wa kwanza kuandikwa kwamba amefika juu ni mtawala mdogo wa Italia, Luigi Amedeo wa Abruzzi, mwaka 1906. Wabebaji wake walikuwa watu wa huku lakini majina yao hayajulikani kama la kwake. Mwaka ule barafu ilifunika kama kilomita za mraba 7. Leo haifiki hata 1. Watoto wetu wakikua, huenda nzururu watalisikia kama jina tu.

Ukitoka Kasese kuelekea kusini barabara ni ya lami na imenyooka. Kinga inakwenda yenyewe. Tuliimba. Baada ya saa moja hivi tukafika Muhokya, tukasimama kuomba maji. Pale tulikutana na habari iliyotunyamazisha. Mwezi wa tano mwaka 2020 mito ya Rwenzori ilijaa, Nyamwamba ikabomoa nyumba na hata hospitali ya Kilembe, na familia nyingi zikaja kukaa kambini hapo Muhokya. Mvua ilikuwa imewapiga hivyo hivyo tarehe 1 Mei 2013. Mama aliyetupa maji alituuliza tunatoka wapi. Tukamwambia Rwamwanja, sisi ni wakimbizi. Akacheka, akasema, "Hata mimi. Ila mimi nimekimbia mto." Hakutaka pesa ya maji. Tukamwambia wasingya, naye akashangaa kidogo halafu akatuuliza kwa Kikonzo sisi ni wa ukoo gani. Tulichelewa hapo nusu saa nzima.

Baada ya Muhokya unaingia mbuga ya Queen Elizabeth. Hapo, ndugu, tafadhali msicheze. Barabara ni ya watu lakini pembeni ni kwa tembo na nyati, nao hawana saa. Tuliona mavi ya tembo katikati ya lami, bado yanatoa moshi. Mdogo wetu ambaye alikuwa anaongoza alirudi nyuma ghafla akasema amechoka. Tukangoja mpaka vijana wengine wenye kinga za mkaa walipofika, tukapita pamoja nao, tukipiga kengele. Usipite hapo gizani, wala usipite peke yako.

Kikorongo ni kama kilomita 20 kutoka Kasese. Hapo karibu ndipo mstari wa Ikweta unapopita, kuna miduara miwili ya saruji kando ya barabara na watu hupigwa picha ndani yake. Tulimkuta mzungu mmoja na kinga yake. Alikuwa Mfaransa, basi tukapata mtu wa kusema naye, maana Kiingereza chetu ni cha kuokoteza. Kinga yake mdogo wetu aliinyanyua kwa vidole viwili. Yeye alijaribu kunyanyua ya kwetu, ile yenye maharagwe kilo 30, akaiacha.

Akatueleza kwamba kwao, kwenye kisiwa cha Corsica katika bahari ya Mediterania, kazi yake ya likizo ni kupanda milima kwa kinga. Kisiwa kizima ni milima, na barabara zinapanda hadi kwenye mapito, yaani pale mahali pa chini kati ya vilele viwili ambapo mtu anaweza kuvuka kwenda bonde la pili. Anahesabu mapito aliyoyavuka, anaandika kwenye kitabu. Mashindano ya Tour de France ya mwaka 2013 yalianzia huko. Wengine wanavuka milima ile kwa miguu, njia moja iitwayo GR20, karibu kilomita 180, wanalala mlimani, na mizigo mgongoni. Tukamuuliza, wanakimbia nini? Akasema hapana, ni raha tu. Tukamwangalia. Halafu shemeji yetu akahesabu kwa sauti mapito ambayo sisi tulivuka mwaka 2021, usiku, na sufuria na watoto, na hakuna hata mmoja aliyeandika kitabu. Mzungu hakucheka, na sisi hatukusema kwa kumuumiza. Alikuwa mtu mzuri. Alitupa kifuko cha vipande vya kuziba mpira, vile vinavyojibandika bila gundi. Wakati wa kuagana akauliza mto ule kwenye karia ni wa nini. Tukamwambia ni kiti cha Koko.

Kikorongo unaacha barabara ya Mbarara, unakata mkono wa kulia kwenda Bwera. Hadi mpakani Mpondwe zinabaki kilomita 38, na hizo ndizo safari yenyewe. Mwanzoni ni tambarare ya joto, nchi ya Nyakatonzi, ng'ombe wa Wasongora wenye pembe ndefu, na mashamba ya pamba. Halafu nchi inaanza kukunjamana. Unavuka mto Nyamugasani unaotoka mlimani kwenda ziwa Edward, unapanda, unateremka, unapanda tena zaidi ya ulivyoteremka.

Kwenye miteremko ndipo raba zetu za breki zilipoonyesha tabia yake. Zililia kama paka, zikatoa harufu, zikaisha. Mmoja wetu alisimamisha kinga kwa kiatu, na kiatu nacho kikaisha. Tuliosoma baadaye kwa fundi wa Kisinga ni haya, na tunawapa bure. Mzigo ukiwa mzito usishike breki muda wote toka juu hadi chini. Shika, achia, shika, achia, na simama katikati zipoe. Breki ya mbele pekee itakurusha juu ya usukani. Na kupanda, ukichoka shuka usukume, kusukuma si aibu. Tuliona vijana wameshika nyuma ya lori linalopanda, wanavutwa na kinga zao. Lori likifunga breki, kijana amekwisha. Wazazi, wakatazeni.

Fundi yule wa Kisinga alikata raba kutoka tairi la gari la zamani, akachonga kwa kisu, akafunga. Mpaka leo zinafanya kazi. Alituchaji shilingi 3,000 kwa kinga zote tatu, akatuonyesha kwa kidole upande wa hospitali ya Kagando, akasema mwaka 2019 watu wa huku waliacha kushikana mikono. Tulikumbuka. Mwezi wa sita mwaka ule Ebola ilivuka kutoka kwetu na familia moja iliyokuwa imekwenda mazishi, na mtoto wa miaka 5 aligunduliwa Kagando, akapelekwa Bwera, akafa. Tuliogopa kidogo fundi atatuambia neno, maana sisi ndio "watu wa ng'ambo". Hakusema neno. Alitupa maji ya kunawa, tukala naye ndizi.

Bwera tulifika jua linazama. Dada yetu alikuwa amefika toka saa saba, mtoto amelala. Tulipokelewa na familia ya rafiki wa zamani wa baba yetu, na usiku ule tulikula bugali ya muhogo na sombe yenye mawese ya Kongo, ambayo kwa miaka mingi tulikuwa hatujaila ikiwa na ladha ile. Hatuongezi neno hapo, waliotoka kule wanaelewa.

Alhamisi ilikuwa siku ya kungoja, na Koko alikuwa ametuagiza kazi kwa simu. Juu ya Bwera, kwenye vilima vya upande wa Kitholhu, anakaa mama mmoja mzee, wa ukoo mmoja naye. Twende tumsalimie na tumpelekee maharagwe kidogo. Kinga haifiki kule. Tukaziacha, tukapanda kwa miguu.

Ndugu wasomaji, tuliodhani tunajua kupanda tulijua siku ile kwamba hatujui. Njia haizunguki, inakwenda moja kwa moja juu kama ngazi, katikati ya kahawa na migomba. Wamama walikuwa wanatupita. Mama ana gunia mgongoni, kamba yake imeshikwa na paji la uso, mikono yote miwili iko huru, anamenya muhogo huku anapanda, anatusalimu, "Mwabukire," na anapotea mbele. Kahawa ya huku ni arabika, inakaushwa kwenye mikeka mbele ya nyumba, na upande wa Kyarumba wakulima wana ushirika wao, Bukonzo Joint, unaouza hadi ng'ambo ya bahari. Mdogo wetu aliuliza shamba moja kama lile lingekodiwa kwa bei gani. Tukamwambia kwanza apande, ataongea akifika.

Juu kuna pito. Si kama yale ya mzungu, halina kibao wala jina ambalo tuliambiwa. Ni mahali tu ambapo kilima kinashuka kidogo, upepo unapiga, na kuna jiwe ambalo limelainishwa na makalio ya watu waliopumzika. Tukakaa na sisi. Na hapo tukaiona Kongo.

Iko karibu mno. Mabati ya Kasindi yanang'aa, barabara ya kwenda Beni inaonekana kama uzi, na upande wa kusini ziwa Edward kama sahani. Barabara hiyo ni kilomita 80, mara nyingi tumepanda magari pale, tunajua kona zake. Hakuna aliyesema kitu kwa muda mrefu. Kijana mmoja wa mbuzi alitukuta hapo akatuuliza tunaangalia nini.

Mama mzee tulimkuta mlangoni kwake. Alipojua sisi ni nani alitushika nyuso mmoja mmoja. Akatuambia kwamba Koko wetu aliolewa kwa kupita njia ile ile tuliyopanda, akiwa msichana, amebebewa vyungu, na walicheza hapo penye jiwe. Hawakuvuka nchi, alisema, walivuka mto tu. Mipaka hiyo wazungu waliipatana Brussels mwaka 1910, Waingereza, Wabelgiji na Wajerumani, na ndugu wakajikuta wengine Wakonzo wa Uganda na wengine Wanande wa Kongo. Lakini mlima haukusoma karatasi. Miaka ya 1996 na kuendelea, waasi wa ADF walipoanza kuwachoma hapa Kasese, mama huyu alikimbilia upande wa Kongo na akalala nyumbani kwa Koko. Sisi hatukuwahi kuambiwa. "Sasa ni zamu yenu," akasema. Akatupa kahawa kilo mbili tupelekee.

Ijumaa asubuhi tulishuka hadi Mpondwe na mtoto na zile kinga. Tulipita karibu na shule ya Lhubiriha. Usiku wa tarehe 16 mwezi wa sita mwaka 2023 waliuawa watu zaidi ya 40 pale, wengi wao wanafunzi, na wale wale tuliowakimbia. Tuliteremka kwenye kinga, tukatembea kwa miguu mpaka tulipoipita.

Sisi wenyewe tulikubaliana mapema kwamba hakuna anayevuka daraja. Kadi zetu za ukimbizi zilikuwa mfukoni, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inatupa haki ya kutembea ndani ya Uganda, lakini kule ng'ambo ndiko tulikoomba kulindwa nako, hauwezi kwenda kutembea tu kisha ukarudi kama hakuna kitu. Tukasimama upande huu, karibu na mahali pa kunawa mikono, tukaangalia watu wanavyomiminika. Vitenge, samaki wa chumvi, mafuta, ndizi, kuku wamefungwa miguu, magunia ya chumvi ya Katwe yanakwenda kule, kahawa inakuja huku. Kinga zilizobebeshwa hadi hauoni mwenye kusukuma.

Koko alitokea saa tatu hivi. Ni mtoto aliyemuona kwanza, tena bila kumjua, alionyesha kidole akasema, "Mama, tazama koko mudogo." Kweli amekuwa mdogo. Alitupita, akaenda moja kwa moja kwa mtoto, akaweka ndizi chini.

"Anafanana na miye," akasema. Na ikawa hivyo, hakuna tena mjadala.

Hatukumwambia neno mpaka alipouza vitu vyake vyote. Halafu tukamkalisha kwenye mto, mdogo wetu akaendesha, sisi tukakimbia pembeni, tukampeleka hivyo hadi Bwera kwa familia ile. Njia nzima alicheka kama msichana, alishika kofia ya mdogo wetu badala ya mgongo. Watu walipiga makofi. Tukasema mioyoni, kazi imekwisha.

Baada ya kula, dada yetu akapiga magoti akamueleza. Koko alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza maswali, na maswali yake yalikuwa ya mtu aliyelima maisha yote.

"Kiwanja yenu iko ngapi?"

Tukamwambia.

"Na chakula ya musaada, bado banawapa?"

Hapo tuliangaliana. Mnajua wenyewe namna msaada ulivyopunguzwa tangu mwaka 2023, na wengine kukatwa kabisa. Shemeji alitaka kusema ni vizuri tu. Dada yetu akamzuia kwa macho. Tukasema ukweli.

"Basi miye nikuje kukula ya nani? Ya uyu mutoto?"

Tukasema atakula pamoja nasi, tunavyokula. Tukasema juu ya usalama, juu ya bomu lililolipuka kanisani Kasindi mwezi wa kwanza mwaka 2023, juu ya usiku. Alikubali kila kitu. Hakutubishia. Akasema usiku anaogopa, ndiyo, analala na viatu. Lakini ana wajukuu wawili wa mjomba wetu marehemu ambao bado wako kule, ana kahawa ambayo ameipanda upya, na kaburi ya tate iko nyuma ya nyumba. "Nikitoka, bale babili batabaki na nani?" Tukasema walete na wao. Akanyamaza sana. Akasema atawauliza, maana mkubwa yuko kidato cha mwisho, akitolewa sasa anapoteza mwaka. Baada ya mitihani tutaongea tena.

Dada yetu alilia. Koko akamwambia akamue nyanya, kesho yeye ana safari.

Alilala na mtoto kitanda kimoja. Jumamosi asubuhi tulimrudisha hadi daraja kwa kinga, kwenye mto wake. Alibeba ile kahawa ya mama mzee na nguo tulizomletea. Maharagwe yetu kilo 30, kumbe alikuwa ameuza ya kwake kwa sababu alijua tutaleta, akayapakia yote kwa mtu wa kinga wa kule. Na sisi akatupa mbegu: maharagwe ya kupanda, yale mekundu yenye madoa, kopo mbili, na vipandikizi vya muhogo vilivyofungwa kwa majani. Alivuka bila kugeuka. Mtoto aliita mara tatu. Mara ya tatu akainua mkono, bado anatembea.

Kurudi Kasese upepo ulikuwa usoni. Tulipanda Kisinga tukisukuma, hatukuimba. Mbegu na vipandikizi tulivifunga juu ya mto ili visipigwe na karia, na tukavimwagia maji kila tuliposimama. Muhokya tulimpelekea yule mama vipandikizi vitano.

Vingine vyote tumepanda, na mvua ya mwezi wa tatu ilivikuta ardhini. Wenye kutaka mbegu ya madoa waje kwetu baada ya mavuno, tutawapa kikombe kimoja kila nyumba, mrudishe viwili. Mto tumeufua na kuuanika, uko juu ya kabati. Na wenye kinga zile mbili tumeshaongea nao: mitihani ya serikali kule Kongo ikimalizika, tutaziazima tena, na safari hiyo tutahitaji mito mitatu.